Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Kabla ya kumwuliza Eliya neno lolote, Mungu alimpa nini?

Mfikirie mwenye kibanda pale Kwa Mathias, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro. Marejesho ya mkopo yanamnyima usingizi. Anasahau, anakasirika ovyo, analia peke yake. Mmoja anamwambia, “Jikaze, binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo.” Mwingine ananong'ona kwamba amerogwa.

Wote wawili wamekosea. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Sehemu zake zote zina kazi, hata mtu akiwa amelala. Hakuna akiba iliyofichwa. Msongo ukidumu, usingizi hupungua, kumbukumbu na maamuzi hudhoofika, na mtu aweza kuugua kabisa.

Eliya aliyesimama imara Karmeli aliomba afe. Mungu hakumkemea kwamba hana imani. Alimwacha alale, akamlisha mara mbili. Ndipo akaweza safari ya siku 40. Swali lilimngoja Horebu.

Basi maombi na matibabu havipingani. Kumsindikiza ndugu hospitalini ni huduma, na anayetamani kufa asiachwe peke yake.

Je, ni nani katika darasa lenu aliyeketi chini ya mretemu? Kabla ya kumwuliza mbona haonekani kanisani, mtampelekea nini wiki hii?