Ng'ombe wa Bani Israil na Ndoo ya Rangi



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Lunyo, Busia upande wa Uganda. Vijana wenzangu walinikabidhi mchango wa kupaka rangi chumba cha kuswalia akina mama. Dukani tukapewa kadi ya rangi: krimu, magnolia, maziwa, pembe ya ndovu. Zote nyeupe, na hakuna iliyo nyeupe hasa. Tukagawanyika, wa krimu na wa magnolia, hadi Ijumaa mbili zikapita. Mimi mwanachuo ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Niliitembeza kadi ile juani na kivulini kama kadhi anayepima ushahidi.

Muda wote huo akina mama waliswali barazani, mvua ikiwarashia. Ijumaa ya pili bibi mmoja, leso yake imelowa, aliitazama kadi akaniuliza, "Mjukuu wangu, hizi si moja?"

Sikuwa na jibu.

Usiku nilifungua Suratul-Baqara, aya ya 67 hadi 71. Bani Israil waliamrishwa wachinje ng'ombe, ng'ombe yeyote. Wakauliza ni wa namna gani. Wakauliza rangi yake. Wakaambiwa ni wa manjano iliyokoza, mwenye kuwapendeza watazamaji. Bado wakarudi kulalamika kwamba ng'ombe wanafanana machoni mwao! Mwishowe walichinja, nao walikaribia kutofanya. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba lau wangechinja yeyote angewatosha, lakini walijitia uzito, Mwenyezi Mungu akawatia uzito.

Sisemi rangi haina hukumu. Imam Bukhari, katika mlango wa ujenzi wa msikiti, ametaja kuwa Umar (r.a.) alipoamuru msikiti ujengwe alitaka watu wakingwe na mvua, akaonya dhidi ya nyekundu na njano zisije zikawashughulisha wanaoswali. Tazama alichotanguliza: mvua. Na kwa kipimo chake, rangi zetu zote nne zilikuwa zimefaulu tangu siku ya kwanza. Kilichobaki kilikuwa nafsi yangu kutaka kushinda.

Jumatatu nilinunua ndoo ya lita 20 iliyokuwa mbele kabisa dukani. Ijumaa ya tatu akina mama waliswali ndani. Bibi alipotoka alinisalimu na kunishukuru, nami nilitazama chini, kwa sababu zile Ijumaa mbili bado sijamwomba radhi.