Idd ya mtoto mwenye nyumba mbili

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Siku ya Idd el-Fitri iliyopita, kwenye uwanja wa sala, nilimwona mtoto mmoja wa madrasa yetu anatoka jasho kabla jua halijapanda. Nikamwita. Alikuwa amevaa kanzu mbili, moja juu ya nyingine. Akaniambia: "Mwalimu, ya juu ni ya mama, ya ndani ni ya baba. Nikiingia kwenye mtumbwi nitavua hii ya juu, baba asiione." Wazazi wake waliachana. Mama anakaa hapa Kasuku, baba anakaa Alunguli, na katikati yao unapita mto Lualaba.

Nilicheka kidogo, kisha kicheko kikaniisha. Talaka ile nilikaa katika baraza lake mimi mwenyewe. Tulizungumza eda, tukazungumza nafaka na mahari iliyobaki, hata masufuria tuliyahesabu. Idd ya mtoto hakuna aliyeitaja, na mimi mwenye kilemba sikuitaja.

Basi leo nakuuliza wewe unayesoma: Idd ya mtoto huyu ni ya nani? Baba anasema ni yake, maana mtoto ni wa ukoo wake. Mama anasema ni yake, maana ndiye aliyekesha naye akiwa na homa. Wote wawili wana haki, na shida yenyewe ndiyo hiyo. Wakija mbele yetu wazee, tunagawa: asubuhi kwa huyu, alasiri kwa yule, tunarudi nyumbani tukiona tumefanya uadilifu. Uadilifu huo ni wa wakubwa wawili. Mtoto tumemgawa kama nyama ya udhiya, na nyama haiulizwi kitu.

Sura al-Baqara, aya ya 233, inakataza mama adhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, na baba vilevile. Hata kumwachisha ziwa mtoto, wazazi wameelekezwa washauriane na waridhiane. Ikiwa ziwa linataka shauri la wawili, Idd je?

Wengine watasema: "Mwalimu, unatuletea bidaa." Hapana. Sala, takbira, zakatul-fitri, kuchinja, hayo hayaguswi. Lakini mtoto alale wapi usiku wa takbira, ale pilau ya nani, avuke mto saa ngapi, hizo ni desturi zetu tu. Desturi iliyovunjwa na talaka, wenyewe wanaweza kujenga nyingine. Na furaha ya mtoto siku hiyo si jambo dogo katika dini: wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idd, Abu Bakr akawakemea, na Mtume (s.a.w.) akasema waachwe.

Tumepokea pia kutoka kwa Jabir kwamba siku ya Idd Mtume (s.a.w.) alikwenda kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine. Mimi naona hapo mlango kwa watoto wetu. Mtoto aamke kwa mama, ale tende kwa mama, aende kusali. Akirudi, ashike njia ya kwa baba. Kupokezana kuwe uwanjani, mbele ya watu, kwa salamu, si kuviziana kwenye kivuko. Mwaka unaofuata wageuze. Na mtoto aambiwe mapema, tangu Shaabani, asifunge Ramadhani nzima anahesabu nani atamkasirikia.

Idd el-Hajj ni rahisi zaidi. Siku ya 10 ya Dhul-Hijja na siku 3 za tashriki zinazofuata, zote ni siku za kula na kunywa, nyumba mbili zinaenea humo. Baba akichinja, ampe mtoto fungu ampelekee mama yake. Si mke wako tena, ni kweli. Lakini huyo mtoto mwenye beseni la nyama atavuka Lualaba kifua mbele.

Kuna baba wanaosema: "Analala kwa mama yake, wajomba wamtolee fitri." Hapana, baba! Mtoto mdogo asiye na mali, fitri yake iko juu yako kama nafaka yake, alale Kasuku, alale Alunguli. Ni pishi moja ya mchele, kabla ya sala. Na kanzu iwe moja: huyu anunue kitambaa, yule alipe fundi.

Sisemi watu walioachana wapikiane. Wako mama waliotoka nyumbani kwa kupigwa. Hao wasilazimishwe kuonana na mtu huyo hata siku ya Idd. Bibi au mjomba amshike mtoto mkono, ampeleke.

Baada ya sala ya leo nitabaki msikitini mpaka alasiri. Mwenye mtoto wa nyumba mbili aje, hata peke yake. Baba wa yule mwenye kanzu mbili ameshakuja. Mama yake tunamngoja.

Wabillahi tawfiq.