Litazameni Ua kwa Karibu

JUMATANO

Soma Mathayo 6:28–31 na 1 Wafalme 4:33. Yesu aliwaagiza wasikilizaji wake wafanye nini na maua, na kwa sababu gani?

Katika Mahubiri ya Mlimani, Yesu hakutaja maua ili kupamba hotuba yake. Aliwaagiza watu wayafikiri. Neno la Kigiriki lililotumika hapo lina maana ya kujifunza jambo kwa makini hadi ulielewe. Sulemani alinena habari za mimea, kuanzia mwerezi mkubwa hadi hisopo inayoota ukutani. Hata hivyo, Yesu anasema fahari yote ya mfalme huyo haikufikia vazi la ua moja la kondeni. Anayesimama mbali hawezi kuona jinsi neno hilo lilivyo kweli. Ni lazima ainame.

Hapa ndipo tunapokutana na vijana wetu. Kijana wa miaka 14 hutazama katika simu nyuso na mavazi ya wenzake mchana kutwa. Hujipima nao, na mara nyingi huhitimisha kwamba yeye si kitu. Swali lake ni lile lile ambalo Yesu alilijibu kwa kuonyesha ua: tuvae nini? Sisi wazazi na walimu tunaikemea simu, tunaikusanya mlangoni, na ibada ikiisha anairudia. Kumkataza kutazama vibaya hakujamfundisha bado kutazama vema.

Mwaka 1885, huko Jericho, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, kijana mkulima aitwaye Wilson Bentley aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Alikuwa na umri wa miaka 19. Hadi kifo chake mwaka 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000 za chembe hizo. Majirani waliona theluji ya kuondoa njiani kwa koleo. Yeye aliona pambo lenye pembe sita. Linganisha na Ayubu 38:22. Mungu alimwuliza Ayubu habari za hazina za theluji muda mrefu kabla hadubini haijatengenezwa.

Kamera iliyo katika simu za vijana wetu inaweza kufanya kazi kama hiyo. Mwalimu, toka na darasa lako uwafundishe hatua hizi. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Msikuze picha kwa vidole, sogeeni wenyewe. Picha ikififia, rudini nyuma kidogo, kwa maana simu nyingi haziwezi kuona vema kitu kilicho karibu kuliko sentimita 10 hivi. Gusa kwenye skrini mahali unapotaka paonekane wazi. Tuliza viwiko juu ya magoti, shusha pumzi, ndipo upige. Simu moja yatosha vijana wanne, nao watajifunza kungojana.

Anzeni na kishona nguo, gugu linalong'ang'ania sketi na suruali zetu. Kwa mbali ni kitone cha njano. Kwa karibu, kile kilichodhaniwa kuwa ua moja ni maua mengi madogo yaliyokusanyika pamoja. Hakuna aliyelipanda wala kulimwagilia, na kesho mwenye shamba atalipalilia. Muulize kijana: ikiwa Mungu ameliremba hivi gugu ambalo hakuna mtu alitazamaye, je, amekusahau wewe?

Wapo wazee wa kanisa watakaouliza kama jambo hili linafaa kufanywa saa za Sabato. Swali lao ni la haki na lisipuuzwe. Sabato ni ukumbusho wa uumbaji (Kutoka 20:11), hivyo kuitazama kazi ya Muumbaji ni jambo la siku hiyo. Lakini Isaya 58:13 inatuonya tusiyafuate mapenzi yetu wenyewe. Mtandao uzimwe kabla ya kutoka. Picha isipigwe ili isifiwe. Na kama darasa linaona kamera inawavuta vijana mbali na ibada, somo la picha lifanyike Jumapili, na Sabato watembee na macho yao tu. Kilichokusudiwa ni jicho lililofunzwa, nalo halihitaji chaji.

Mtunzi wa Zaburi 111:2 anatuambia kwamba wanaozifurahia kazi za Bwana huzichunguza. Kijana aliyezoea kuinama mbele ya ua dogo anajifunza pia kwamba udogo haumfichi mtu machoni pa Mungu.

Tafakari na mjadiliane:

1. Ni kiumbe gani kidogo unachokipita kila siku bila kukitazama? Kitazame leo, kisha ulieleze darasa ulichokiona.

2. Kijana akikwambia anajiona duni kuliko wenzake anaowaona katika simu, utamjibu nini kutoka Mathayo 6 bila kumkemea?

3. Je, sisi watu wazima tunawatazama vijana wa kanisa letu kwa karibu, au kwa mbali?