Kosa Lisilo na Siku

Msomaji, katika mtaa wa Pipeline, mashariki ya Nairobi, majumba marefu yamesongamana hata jua la adhuhuri huchungulia kwanza kabla ya kuingia. Nakaa humo katika chumba kimoja, na jiko langu ni pembe yenye mtungi wa gesi. Ukiutikisa utasikia kitu kikichezacheza ndani kama maji. Twauita mtungi wa gesi, lakini kilichomo kwa wingi ni kimiminika. Gesi imekaa juu yake, na baina ya viwili hivyo pana uso, ndio mpaka wao.

Mwaka 1822 Mfaransa aliyeitwa Charles Cagniard de la Tour alitia kileo na gololi ya jiwe gumu katika mtutu wa bunduki, akauziba, akaupasha moto. Alipouinamisha aliisikia gololi ikitumbukia, chubwi! Moto ulipozidi kiasi fulani sauti ile ikakoma, kwa kuwa haukuwapo tena uso wa kupasuliwa. (Nakusihi usiujaribu mchezo huu kwa mtungi wa jikoni, utalipuka kabla hujajifunza lolote.) Mwaka 1869 Thomas Andrews wa Belfast alieleza habari hii kwa kaboni dioksidi, ambayo kikomo chake ni digrii 31 za Selsiasi. Kikomo cha maji ni digrii 374, chini ya shinikizo mara 218 ya lile la hewa ya pwani. Maji yaliyokipita kikomo hicho si ya kuteka wala si mvuke. Hujaza chombo kama mvuke, na bado ni mazito kupita mvuke tuujuao.

Wahandisi wameyatia kazini. Huko Olkaria, tangu mwaka 1981, mvuke wa visimani hutengwa kwanza na maji ndipo uzungushe mitambo ya umeme; kazi yote hiyo yategemea mpaka. Lakini katika jimbo la Ohio, Marekani, tangu mwaka 1957, ulikuwapo mtambo ambao maji yake yalipashwa moto juu ya kikomo, yasichemke kamwe. Na hapa ndipo penye ajabu. Chini ya shinikizo mara 247 ya hewa, maji yakitoka digrii 350 kufika 400, uzito wake kwa ujazo ule ule hupungua hata ukabaki kama robo. Robo, msomaji! Wala hapatokei povu, wala hakuna nukta ambayo ungeweza kuinyoshea kidole na kusema: hapa yamegeuka.

Sasa nakuuliza: je, mtu naye aweza kugeuka hivyo?

Naliwahi kuwa mweka hazina wa wapangaji wenzangu. Tulichanga fedha za pampu ya maji, maana asiye na pampu Pipeline hupanda ngazi za ghorofa saba na mtungi begani. Mwisho wa mwezi mmoja nilitwaa shilingi 200 za nauli, nikazirudisha kesho yake. Mwezi uliofuata nikatwaa 500, nikazirudisha baada ya juma. Kisha nikawa naandika daftarini kwamba nadaiwa, kisha sikuandika. Karo ya mdogo wangu ilinibana, na kodi ikanibana, na kila hatua ilikuwa ndogo kuliko ile ya kabla yake. Pampu ilipoharibika, fedha hazikutosha. Mama mmoja mtu mzima, jirani wa ghorofa ya chini, hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ni siku gani uliyoamua kutula?"

Nikaitafuta siku hiyo, nisiione.

Yamkini utanitetea: pasipo siku ya kuamua, hapana uamuzi, na pasipo uamuzi, hapana kosa. Naliupenda sana utetezi huo, ukanipa usingizi wa siku mbili. Lakini chukua maji ya digrii 350 na yale ya digrii 400, uyaweke mizanini. Mizani haiulizi yaligeuka wapi. Kukosekana kwa mpaka njiani hakufanyi mianzo na miisho kuwa kitu kimoja. Mtu aliyepewa amana mwezi Januari na mtu aliyeificha daftari mwezi Agosti ni watu wawili, japo wana jina moja na mshahara mmoja.

Wala shinikizo silikatai. Bila shinikizo maji yangechemka mbele ya macho ya watu, na mimi ningetwaa fedha zote kwa mkupuo, nikaona haya mara moja. Shida ndiyo iliyonipitisha kando ya povu. Ilieleza njia niliyoifuata. Haikurudisha hata shilingi.

Nilizilipa kwa miezi mitano, na mama yule ndiye aliyekuwa akizihesabu, mezani pake, mbele yangu. Daftari la zamani ninalo bado. Huo ukurasa wa Machi, ambapo mwandiko wangu unaanza kupunguka, nimeusoma mara nyingi.