Shule Waliyonyimwa

Mwaka 1951 Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliongoza mgomo wa wanafunzi katika Shule ya Sekondari ya Moton mjini Farmville, Virginia, nchini Marekani. Shule hiyo ya watoto weusi ilifurika hata wengine wakasomea kwenye vibanda vya mbao na karatasi ya lami. Aliyeketi karibu na jiko alitokwa jasho, aliyeketi mbali alisoma akiwa na koti, na mvua ikinyesha paa lilivuja.

Mgomo huo ulizaa kesi mahakamani, nayo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoifanya Mahakama ya Juu kuharamisha utengano wa shule kwa misingi ya rangi mwaka 1954. Wilaya yao, Prince Edward, haikukubali. Mwaka 1959 ilifunga shule zote za umma. Wazungu wakaanzisha shule yao binafsi, na watoto weusi wengi wakakaa miaka bila masomo; shule za umma hazikufunguliwa tena hadi 1964.

Mtoto aliyekuwa na miaka minane shule zilipofungwa sasa amevuka sabini, umri ambao dimensia huanza kubisha hodi. Wazee weusi wa Marekani huipata takriban mara mbili ya wazungu. Shinikizo la damu, kisukari na umaskini vyote vimo. Lakini shule nayo imo, tena ilitangulia. Masomo ya utotoni huujengea ubongo akiba, hivyo ugonjwa ukishambulia sehemu moja, sehemu nyingine humudu kazi kwa muda. Shule pia ndiyo humfikisha mtu kwenye ajira yenye bima, na bima kwa daktari.

Kliniki, mzee huombwa achore uso wa saa, kisha atoe 7 katika 100, na atoe 7 tena na tena. Kwa aliyefungiwa mlango wa darasa, jibu lake linapima ugonjwa na linapima pia kile alichonyimwa. Inaniuma kusikia hali yake ikiitwa uzee tu, au ikisingiziwa damu ya asili yake, ilhali walioketi mezani na kupiga kura ya kufunga shule walijulikana.

Mwaka 2004 Virginia ilianzisha ufadhili wa masomo kwa walioathirika, na watu wazima wakarudi darasani. Ni jambo la haki. Ila kwa ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka, ufadhili wa masomo umechelewa. Huyo anastahili vipimo vya mapema, na ujira kwa binti aliyeacha kazi ili amtunze.