Tochi Iwe Mkononi au Kwenye Bunduki?

Remington 870 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1950, na Mossberg 500 ikaifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zote ni shotgani za kuvuta. Mkono mmoja unashika kishikio cha mbele, unakivuta nyuma ganda linaruka nje, unakisukuma mbele risasi nyingine inaingia. Kishikio cha kiwandani ni kipande cha mbao au plastiki, basi. Lakini kuna soko zima la vishikio vya kubadilisha, na wapenzi wa bunduki hubishana juu yavyo kama sisi tunavyobishana juu ya pikipiki. Kimoja kina reli za chuma chini na ubavuni, unafunga tochi yoyote upendayo. Magpul wana chenye matundu, unaongeza kipande cha reli ukitaka. SureFire wao tochi wameijenga humo humo ndani. Watu wanapima uzito. Wanalalamika kwamba reli zina meno yanayokwaruza kiganja ukivuta kwa haraka. Wanauliza swichi iko wapi, na kama waya wake utanasa mahali, kwa sababu kila unapovuta, tochi nayo inakwenda na kurudi.

Mabishano yote hayo yanaliruka jambo moja ambalo mimi, nikiwa Kimana, siwezi kuliruka. Kila anayefundishwa kushika bunduki huambiwa kwanza kabisa: usiielekeze kwa kitu ambacho hauko tayari kukiangamiza. Sasa ukiifunga tochi kwenye bunduki, utaangaliaje kitu gizani bila kukielekezea mtutu? Unataka tu kujua ni nani. Kabla hujajua, tayari umemlenga.

Najua Kimana si mahali pa kununua vishikio. Kenya huwezi kukaa na bunduki bila leseni, na uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Bunduki utakayoiona huku ni ya askari wa KWS, ya polisi, au ya polisi wa akiba. Lakini giza tunalo, na mambo ya kumulika tunayo. Huku kuna mashamba ya nyanya na vitunguu yanayonyweshwa kwa mifereji, na mashamba hayo yako katikati ya njia za tembo wanaotoka Amboseli. Usiku ukisikia majani yanavunjika, inaweza kuwa ni ndovu dume. Inaweza kuwa ng'ombe wa jirani aliyetoroka bomani. Inaweza kuwa jirani mwenyewe, amekuja kufungua maji kwa sababu zamu yake imefika saa nane za usiku. Anayemulika ana sekunde chache, na anaogopa. Mtu anayeogopa na kidole kiko karibu na kifyatulio, hapo mimi sitaki kuwa jirani yake.

Wenye tochi zao kwenye reli wana jibu, na si jibu la kipuuzi. Shotgani ya kuvuta inataka mikono miwili. Ukishika tochi kwa mkono mmoja, utavutaje? Na tembo hasubiri upange vifaa vyako. Askari aliye peke yake kichakani ana haki ya kuona kile anachokipiga, na kupiga bila kuona ni ubaya zaidi. Tena wakufunzi makini husema mwanga uuelekeze chini, utazame kwa ule unaosambaa pembeni, na mfukoni uwe na tochi ya pili ya mkono. Mimi nalichukua jibu hilo kama ungamo: wanakubali kwamba kuona na kulenga ni kazi mbili, kisha wanajitahidi kuzitenganisha tena baada ya kuzifunga kwa skrubu.

Upande wa pili wa kaunti hii, Kitengela, mtoto mmoja alizitenganisha kabisa. Richard Turere, akichunga ng'ombe wa babake kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, aliona kwamba simba humwogopa mtu anayezunguka na tochi. Akachukua betri, sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu, akazipanga kuzunguka boma zikawa zinawaka kwa zamu kama mtu anayetembea. Mwaka 2013 alisimama jukwaani TED kuyaeleza hayo. Kwake mwanga haukumtafuta simba ili apigwe. Ulimwambia tu kwamba hapa kuna watu na wako macho, akaachiwa nafasi ya kugeuka.

Msije mkadhani nasifu mambo ya kale. Mkuki hauna reli wala swichi, na mnamo Mei 2023, katika wiki moja hivi, simba kumi waliuawa katika eneo hili la Amboseli, sita kati yao Mbirikani baada ya kuua mbuzi wa watu. Loonkiito, dume wa miaka 19, aliuawa Olkelunyiet siku hizo hizo. Aliyeurusha mkuki alimwona vizuri sana. Kwa hiyo sisemi kwamba pengo kati ya jicho na silaha linamfanya mtu awe mwema. Nasema linampa nafasi ya kuamua, na anaweza kuitumia vibaya.

Niliwahi kumuuliza mzee mmoja anayelinda vitunguu huku ni kwa nini anavaa tochi kichwani ilhali ana kubwa ya mkononi.

"Hii ya kichwa inaenda pale macho yanaenda," akasema. "Mkono nao ubaki na rungu yake."

"Na ukiona ni mtu?"

"Namsalimia. Si lazima nijue kama ni mwizi?"

Kama ningekuwa mimi ndiye wa kumchagulia askari wa huku kishikio, ningempa kile cha mbao, kisha pesa zilizobaki zinunue tochi ya kichwani na betri za kutosha msimu mzima.