Moyo Ukiongezewa Kasi

Anayepanda ngazi za ghorofa Kariakoo huujaribu moyo wake bila kukusudia. Daktari hukusudia: kwa mgonjwa asiyeweza kukimbia, lakini aliyekwisha kuwekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kifaa hicho huongezewa kasi kwa muda, huku kipimo cha eko, cha mawimbi ya sauti, kikitazama kuta za moyo. Msuli unaokosa damu huanza kulegea, mara nyingi kabla ya maumivu.

Je, kuchokoza ugonjwa uliojificha ni kukosa tawakali, yaani kumtegemea Mungu?

Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenganisha moyo wa nyama na ule unaomjua Mungu; wa kwanza aliwaachia matabibu. Swali gumu zaidi ni la daktari: amtie mgonjwa hatarini kiasi gani? Ndiyo maana ridhaa hutangulia, na dalili zikizidi, kasi hushushwa.